Mbona kwenye muvi hakuna anayeaga kwenye simu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi sauti. Nashika maikrofoni kwenye filamu ndogondogo na matangazo hapa Dar es Salaam, kisha nakaa usiku kuziba mapengo ya sauti. Mtu akishajua kazi yangu, haichukui muda ataniuliza kuhusu yale mambo yanayotokea kwenye picha lakini mtaani hayatokei. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri ninavyoyajua. Mengi hayana madhara yoyote. Machache, yale ya hospitali, maji na nyoka, yanaweza kumgharimu mtu maisha akiyaamini, na hayo naomba usiyaruke.

Kwa nini watu wa kwenye muvi hawasalimiani wala kuagana?

Hili naulizwa kuliko yote, na kwetu lina uzito wake. Steringi anapokea simu, anasikiliza, anasema "Nakuja," anakata. Mimi nikimkatia shangazi yangu simu namna hiyo, atampigia mama papo hapo kuuliza nimepatwa na nini. Simu ya nyumbani huanza na shikamoo, ikapitia habari za watoto, za kazi, za mvua, mgonjwa anaendeleaje, ndipo neno lenyewe lije. Kuaga nako kuna hatua zake: haya basi, haya mama, msalimie baba, sawa, haya, usiku mwema. Mkikaribia kukata mmoja anakumbuka jambo, mnaanza tena.

Sababu ni muda. Waandishi wa filamu huhesabu ukurasa mmoja wa muswada kama dakika moja ya picha, na filamu nyingi zina kati ya dakika 90 na 120. Salamu ya nusu ukurasa imekula nusu dakika ya mtazamaji. Ndiyo maana waandishi hufundishwa kuingia kwenye tukio likiwa limeshaanza na kutoka kabla halijaisha. Kilichobaki katikati ndicho tunachokiona.

Hata hivyo naamini sisi tunapoteza kitu tukiiga desturi hii bila kufikiri. Kwetu salamu ni sehemu ya hadithi. Kijana ameiba pesa za vikoba za mama yake, anaingia ndani jioni, anasema "Shikamoo mama." Mama yuko jikoni, mwiko mkononi. Sekunde mbili zinapita. "Marahaba." Hapo mtazamaji ameshajua kwamba mama anajua, na hakuna aliyetaja pesa. Ukiikata salamu ile, utalazimika kuandika mazungumzo ya dakika tatu kueleza ulichokitupa.

Wale wanaotafsiri picha kwa sauti juu ya filamu, kama Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya, walilielewa hili mapema. Wanampa mgeni wa kwenye skrini maneno na vijembe vya mtaani kwetu, hata kama yeye mwenyewe hakufungua mdomo.

Na hodi je?

Hodi imekatwa kwa sababu hiyohiyo. Kuna jingine pia: mlango ukifunguka ghafla, mtazamaji anashtuka, na mwongozaji alikuwa anautafuta mshtuko huo.

Mbona mama anapika meza nzima, mtoto anang'ata mkate mara moja anakimbia?

Wazazi wetu hukereka sana wakiona hivi, na nawaelewa. Mama ameamka alfajiri, kuna mayai, matunda, juisi kwenye jagi, halafu mtu anapita bila hata kukaa.

Sababu iko upande wa wapiga picha. Tukio moja hurudiwa mara nyingi, kamera ikiwa upande huu kisha upande ule. Muigizaji akila yai zima mara ya kwanza, lazima ale yai zima kila mkirudia, na kila tonge liingie mdomoni kwenye neno lilelile, la sivyo vipande vikiunganishwa sahani itakuwa imejaa, ikaisha, ikajaa tena. Kwenye matukio marefu ya kula huwekwa ndoo pembeni ili muigizaji ateme. Chakula chenyewe kimekaa chini ya taa saa kadhaa. Kumkimbiza mtoto mlangoni ndiyo njia nyepesi.

Vikombe vya kahawa wanavyotembea navyo navyo mara nyingi ni vitupu. Angalia mkono: kikombe kilichojaa chai ya moto hakirushwirushwi hivyo.

Kwa nini familia nzima inakaa upande mmoja wa meza?

Upande wa pili amekaa mpiga picha.

Dereva anaongea na abiria, haangalii barabara. Hawagongi vipi?

Mara nyingi gari halijiendeshi. Limepandishwa juu ya tela la chini linalovutwa na gari jingine lenye kamera na taa, au limesimama studio na barabara inaonyeshwa kwenye skrini nyuma yake. Muigizaji anazungusha usukani kwa kubuni tu. Kama wewe ni dereva, hata wa bodaboda, hesabu hii inatosha: kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa unasafiri karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde tatu za kumtazama mwenzako usoni ni mita 50 ulizopita bila kuziona.

Wanalipaje bila kuuliza bei?

Anatupa noti, anashuka, hasubiri chenji. Ni desturi ya kuokoa sekunde, kama ile ya kupata maegesho mlangoni pa benki. Sina zaidi la kusema hapa, ila kwamba tukio la konda na chenji ya mia tatu nimeliona likiwa zuri sana kwenye filamu yetu moja fupi.

Kwa nini maadui ishirini wanamwendea steringi mmoja mmoja?

Tulipokuwa wadogo, kwenye kibanda umiza, tulikaa kwenye mabenchi ya mbao magoti yakigusa mgongo wa aliye mbele, na joto lote lile. Steringi akizungukwa, mtu mmoja hupaza sauti: "Steringi hafi!" Hakuna aliyeuliza kwa nini wale wengine nyuma wanarukaruka tu wakisubiri zamu. Niliposhika maikrofoni kwenye tukio langu la kwanza la ngumi ndipo nikaona.

Pambano la filamu ni ngoma. Kila pigo lina namba yake na hatua yake, na watu huifanyia mazoezi siku nyingi. Ngumi haigusi: inapita pembeni mwa shavu kwa umbali wa karibu shibiri, na kamera imewekwa mahali ambapo pengo lile halionekani. Anayepigwa ndiye mwenye kazi kubwa, maana lazima ageuze kichwa kwa wakati uleule. Wakiingia watatu pamoja, mmoja atakosea hesabu na mtu ataumia kweli. Na mtazamaji naye angeona vurugu tu, asijue nani kampiga nani.

Mtaani watu hawasubiri zamu, na wawili wanatosha kumwangusha mtu hodari. Tena anayepiga ngumi kichwani bila glavu mara nyingi huvunjika yeye mwenyewe, hasa ule mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo.

Halafu kuna lile la kumpiga mtu kisogoni akalala robo saa, akaamka akajipangusa. Mtu akipoteza fahamu kwa dakika nyingi baada ya kugongwa kichwa, ubongo umeumia. Mpelekeni hospitali hata kama ameamka anacheka.

Ile sauti ya ngumi inatoka wapi?

Sasa tumefika kwenye kazi yangu, mnivumilie nikirefusha.

Ngumi ya kweli haina sauti ya kuvutia. Ni mdundo mdogo, mzito, kama kitabu kilichoanguka juu ya godoro. Ile "dishi!" tuliyoizoea ilitengenezwa. Filamu nyingi za Hong Kong za miaka ya 1960 na 1970 zilipigwa picha bila kurekodi sauti, maneno na vishindo vikaingizwa baadaye studio. Mafundi wakawa huru kuipa ngumi sauti yoyote, wakaipa ile, hata mkono unaopita hewani ukapewa mvumo wake. Ikawa lugha. Leo ukimwekea mtazamaji ngumi yenye sauti ya kweli, anasema sauti imeharibika.

Huko Marekani mtu anayekumbukwa kwa kazi hii ni Jack Foley, aliyekuwa studio ya Universal wakati filamu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Alitazama picha kwenye skrini na papo hapo akatoa sauti za nyayo na nguo kwa mikono na miguu yake. Kazi hiyo imebeba jina lake mpaka leo. Kwato za farasi ni vifuu viwili vya nazi vinavyogongwa. Nyayo kwenye theluji ni wanga wa mahindi kwenye mfuko wa ngozi unaobonyezwa. Mfupa unaovunjika ni mboga mbichi ngumu inayokatwa kwa mikono.

Nami ninavyo vyangu. Mfupa kwangu ni karoti mbili zilizofungwa kwa kitambaa kilicholowa. Karoti tupu inatoa mlio mkavu mno, ule unyevu ndio unaoifanya isikike kama nyama. Kabichi lililoviringishwa kwenye khanga kuukuu ni kifua cha mtu. Mchele unaomwagwa taratibu juu ya sinia ni mvua, ila uwe mkavu, na sinia uliinamishe kidogo ili punje ziteleze zisirundikane.

Watu huuliza kwa nini sirekodi sauti halisi siku ileile. Siku ya kupiga picha, maikrofoni yangu inatafuta mdomo wa muigizaji. Nyayo ni adui yangu siku hiyo, na mara nyingine tunawavulisha viatu wale ambao miguu yao haionekani. Halafu filamu ikiingizwa sauti za lugha nyingine, maneno ya asili yanaondolewa, na kila kilichorekodiwa pamoja nayo kinaondoka nayo. Nyayo zikiwa peke yake, zinabaki.

Basi ni sauti gani nyingine zinatudanganya?

Nyingi. Upanga ukichomolewa kwenye ala ya ngozi hautoi ule mlio wa chuma. Radi kwenye filamu hulia palepale inapomulika, ilhali sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde: radi iliyopiga kilomita moja kutoka kwako utaisikia baada ya sekunde tatu hivi. Angani, nje ya hewa, mlipuko haungesikika kabisa.

Kuna moja linaloniuma kama Mwafrika. Filamu za Tarzan za miaka ya 1930 ziliweka kwenye msitu wa Afrika mlio wa ndege anayecheka kwa sauti kubwa, na baada yake ukawa ndio sauti ya msitu wowote wenye joto. Ndege yule anaitwa kookaburra, na ni wa Australia. Sisi tuna hondohondo, tuna korongo, tuna vyura wa usiku baada ya mvua ambao peke yao wanatosha kujaza ukumbi. Nikipata kazi inayohitaji sauti ya porini, ninaenda kuirekodi porini.

Sailensa inafanya bunduki isisikike?

Hapana. Hiram Percy Maxim wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kifaa hicho mwaka 1909, na tangu hapo kimekuwa kikipunguza mlio, hakiufuti. Risasi hutoa kishindo cha desibeli 140 na zaidi. Kifaa hupunguza kati ya 20 na 35 hivi. Kinachobaki bado kitawaamsha majirani. Kile kimlio chembamba cha kwenye filamu ni cha fundi kama mimi.

Tukiwa kwenye bunduki: mlango wa gari hauzuii risasi, wala meza ya mbao. Ukisikia milio, lala chini, kaa nyuma ya ukuta mnene au upande wa injini ya gari.

Gari likigonga, linalipuka?

Mara chache sana. Petroli ya maji haiwaki. Unaowaka ni mvuke wake, tena uwe umechanganyika na hewa kwa kiasi maalumu, kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Tangi lililojaa lina petroli nyingi na hewa kidogo. Gari linaweza kushika moto baada ya ajali, na moto huo huwa unakua taratibu. Mlipuko wa filamu ni baruti na petroli vilivyowekwa na wataalamu, zimamoto wakisubiri pembeni.

Kuna hatari moja ya kweli, na huku kwetu tumeshaiona. Lori la mafuta likipinduka na mafuta yakamwagika ardhini, mvuke unatanda chini chini mbali na lori, na cheche moja inatosha. Mwaka 2019 pale Morogoro watu zaidi ya 100 walifariki, wengi wakiwa wamekwenda kuchota. Usisogee, usiwashe pikipiki, usipige picha karibu.

Kwenye mbio za magari lazima meza ya matunda igongwe. Kwa nini?

Machungwa yanaruka vizuri, yana rangi, hayamkati mtu, na ni rahisi. Lakini mimi kila nikiona hivyo namfikiria mwenye meza. Ameamka saa tisa usiku kwenda sokoni, amekopa mtaji. Sijaona picha ambayo steringi alirudi kulipa. Kama wewe ni mwongozaji na unasoma hapa, tutengenezee hiyo.

Kwenye picha za Kihindi wanaimba wakiwa mjini kwao, beti la pili wako kwenye theluji. Inakuwaje?

Si makosa. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, ya mwaka 1931, ilikuwa na nyimbo saba tayari. Tamthilia za jukwaani za huko ziliimba kabla ya filamu, na filamu ikafuata. Wimbo kwenye picha la Kihindi haupo mahali wala saa fulani. Unaeleza kilicho moyoni, na moyo unaweza kuwa mlimani ilhali mwili uko sebuleni. Ndiyo maana nguo zinabadilika mara sita.

Ile theluji mara nyingi ni ya Uswisi. Zamani walikwenda Kashmir, lakini usalama ulipoharibika huko kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaongeza safari za Ulaya. Mwongozaji Yash Chopra alipiga picha Uswisi mara nyingi hata mji wa Interlaken ukamwekea sanamu. Sauti nazo si za unaowaona: waimbaji kama Lata Mangeshkar, aliyefariki 2022, waliwaimbia waigizaji wa vizazi kadhaa.

Kwa mtu wa pwani hili halipaswi kuwa geni. Taarab ya pwani, hasa ya Mombasa, ilichukua tuni nyingi kutoka filamu hizohizo, na ukumbini tunafanya jambo lilelile: mwanamke anakaa kimya nyimbo tatu, linafika beti linalosema lake, anainuka na noti kwenda kutunza, na mlengwa aliyekaa meza ya pili anajua ameambiwa. Neno ambalo kinywa kingeliona haya, wimbo umelibeba.

Yale maua mawili yanayogusana badala ya busu yalitokana na wakaguzi wa filamu. Na Wamarekani walikuwa na yao: chini ya kanuni ya maadili ya filamu iliyosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934 hadi ilipofutwa 1968, hata mke na mume walionyeshwa kwenye vitanda viwili.

Mbona Afrika kwenye filamu za nje ina rangi ya njano?

Rangi hupakwa baada ya kupiga picha, kwenye kompyuta. Nchi za joto, India, Mexico, sisi, hupakwa njano na vumbi. Ulaya hupakwa bluu. Mimi nimekulia kwenye kijani cha minazi na mvua za masika, na picha hizo hazinionyeshi nyumbani. Mhariri wa rangi wa kwetu asiige hilo.

Moyo umesimama, mstari umenyooka, daktari anashtua kwa umeme. Ni sahihi?

Si sahihi, na hapa naomba utulivu.

Mashine ya umeme inasaidia moyo unaotetemeka ovyo au unaokimbia kupita kiasi bila kusukuma damu. Inauzima kwa sekunde ili uanze upya kwa mpangilio. Mstari ulionyooka maana yake hakuna umeme wa kupanga. Hapo madaktari hukandamiza kifua na kutoa dawa, hawashtui. Filamu inapenda mstari ule kwa sababu hata mtoto anauelewa.

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya vipindi 97 vya televisheni. Wagonjwa 60 walikandamizwa kifua. Asilimia 75 walizinduka palepale na asilimia 67 walionekana wakitoka hospitali. Takwimu halisi za wakati ule, kwa moyo uliosimama ndani ya hospitali, zilikuwa kati ya asilimia 6.5 na 15 waliopona na kutoka. Familia nyingi zinamlaumu daktari kwa sababu zimeiona asilimia ya televisheni. Nimeiona lawama hiyo kwenye korido, na inaumiza pande zote mbili.

Angalia pia mikono ya muigizaji: viwiko vimekunjwa. Anakwepa kumuumiza mwenzake aliye hai. Wewe ukilazimika, mikono iwe imenyooka, katikati ya kifua, kina cha sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Waite watu mpokezane maana inachosha.

Anayezama hupunga mikono na kupiga kelele?

Kwenye filamu, ndiyo. Kwenye bahari, mara nyingi hapana, na mtu asiyejua hili anaweza kumtazama mtoto akizama akidhani anacheza.

Francesco Pia, mwokoaji wa ufukweni New York, aliwachunguza wanaozama akaeleza wanavyoonekana hasa. Mdomo unazama na kuibuka; ukiibuka, muda unatosha kuvuta pumzi tu, hautoshi kuita. Mikono haipungi, inakandamiza maji pembeni kama mtu anayepanda ngazi. Mwili umesimama wima, miguu haipigi. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha mtu anashuka. Kimya.

Sisi tuna fukwe, mito, visima, mabwawa ya mchanga uliochimbwa. Watoto wakicheza majini wana kelele. Mmoja akinyamaza, mwangalie. Muulize, "Uko salama?" Asipojibu una sekunde chache. Mrushie dumu tupu, kamba, mti, khanga. Usijitupe mwenyewe kama hujui kuogelea.

Nyoka akiuma, nikate na kunyonya sumu?

Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Sumu imeshaingia ndani, na kukata kunaongeza kidonda na damu. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, tuliza mguu au mkono usitikisike kama vile umevunjika, mbebe mgonjwa asitembee, mpeleke kwenye kituo chenye dawa. Usimfukuze nyoka.

Vivyo hivyo kwa kisu au nondo iliyomchoma mtu: steringi huichomoa kwa meno yaliyoumana. Wewe iache ndani, izungushie kitambaa isitikisike, wahi hospitali. Inaweza kuwa ndiyo iliyoziba mshipa.

Mbona mtoto aliyezaliwa sasa hivi ana miezi mitatu?

Kwa sababu kweli anayo. Sheria ya California hairuhusu mtoto wa chini ya siku 15 kufanya kazi kwenye filamu, na baada ya hapo mpaka miezi sita anaruhusiwa dakika 20 tu za kazi kwa siku. Ndiyo maana watayarishaji hutafuta mapacha: mmoja akilala, wa pili anaingia.

Na chupa kupasuka ghafla sokoni, dakika tano baadaye mtoto analia? Wanawake wengi uchungu huanza kwanza, chupa hupasuka baadaye, na uzazi wa kwanza huchukua saa nyingi. Muulize mama yako.

Kwenye filamu zetu, kwa nini gari linaonyeshwa likifika, geti likifunguliwa, likiegeshwa, mpaka mlango?

Wazungu wanakata kila kitu, sisi tulikuwa hatukati chochote. Maoni yangu ni kwamba soko lilichangia: filamu iliuzwa kwenye diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na kila moja ilihitaji kujaa. Tena nyumba na gari vilikuwa sehemu ya starehe ya kutazama. Siwabezi walioanza. Walipiga picha kwa siku chache na pesa kidogo, na akina mama walikaa sebuleni wakalia nao. Lakini leo ukiniletea dakika nzima ya geti, nitakuomba unipe sababu.

Gari linakwenda mbele, magurudumu yanarudi nyuma. Kwa nini?

Filamu ni picha 24 kwa sekunde. Tairi likikaribia kumaliza mzunguko kati ya picha moja na nyingine, bila kuumaliza kabisa, jicho linaona kama limerudi nyuma kidogo.

Naweza kujaribu kutengeneza sauti nyumbani?

Unaweza, na simu inatosha. Subiri usiku, zima feni na friji. Chukua khanga moja, ikunje mara nne, ishike kwa ncha mbili, uikunjue na kuikunja kwa haraka shibiri moja kutoka kwenye simu: ni mabawa ya ndege mkubwa. Polepole, ni popo wa matunda juu ya mwembe. Kisha weka mchanga kwenye sinia, bonyeza kwa visigino vya viganja, kimoja kisha kingine, ukiacha nafasi ya pumzi katikati. Mwekee mtu ambaye hakukuona ukirekodi, usimwambie chochote, umuulize nani anatembea. Mdogo wangu wa kike nilipomwekea alisema ni mzee, tena amebeba kitu.